Presio Kichwani mwa Baba

Kabla ya masika yaliyopita, mcheshi nyumbani kwetu alikuwa mmoja tu, nami ndimi niliyekuwa nikichapwa kwa ajili hiyo. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Mama husimulia kwamba siku ya ndoa yao mpiga picha aliwaomba watabasamu, na Baba akamwuliza kwa sababu gani. Ile picha ipo ukutani mpaka leo: Mama anatabasamu, Baba anasubiri maelezo.

Kazi yake ilikuwa depo ya reli, hapa Elisabethville, kuosha na kuchunguza shodieri, lile tumbo kubwa la chuma la gari-moshi ambamo maji hugeuka mvuke. Shodieri ina mshale unaoonyesha presio, nguvu ya mvuke. Mshale ukipanda mno, ama supapi, kizibo chake, ifunguke mvuke utoke, ama watu wa depo wakutane mbinguni mapema. Mtu anayeshinda na kitu kama hicho, Baba alisema, hawezi kuchekacheka. "Presio haiko muchezo," ndiyo iliyokuwa katekisimu yake. Aliyasema maneno hayo juu ya sufuria iliyofunikwa, juu ya mitihani yangu, hata juu ya kibofu changu wakati wa misa.

Basi asubuhi moja Mama akaweka bukari, ule ugali wetu, mezani. Lilikuwa limetoka vizuri siku hiyo, jeupe, la duara, linang'aa kama upara. Baba akalitazama. Akavua kofia. Akaliambia lile bukari:

"Pole, muzee. Ulikufa saa ngapi?"

Mama aliacha mwiko hewani. Mimi niliinama kuangalia chini ya meza kama kuna mtu mwingine aliyesema. Kisha Baba akacheka, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, sauti ilitoka kama baiskeli inayoshuka ngazi peke yake.

Nilifurahi kupita kiasi. Miaka yote hiyo nimeishi na huyu mtu kama ninaishi na mnara wa kanisa, kumbe ndani kuna kengele.

Tangu hapo hakunyamaza. Alimsalimu mkubwa wake wa depo, Mbelgiji mwenye masharubu kama fagio, "Bonjour, mademoiselle," kama anayemsalimu binti, na mkubwa, ambaye hakuwahi kusikia kwa Baba neno jingine ila "oui, chef", aliamua kwamba masikio yake ndiyo mabovu. Alinyoa ndevu upande mmoja tu wa uso, na Mama alipomwuliza juu ya upande wa pili akajibu, "Ile ingine iko yako, nyoa weye." Jumapili, mlangoni pa kanisa, padri alisimama peke yake kusalimia watu. Baba akainama mbele yake: "Bonjour, mes pères," yaani mapadri zangu, kwa wingi. Akampa padri mkono. Kisha akaipa hewa mkono, palepale kuumeni kwa padri. Padri aligeuka kutazama nani yuko pembeni yake, na wamama wawili waliokuwa nyuma yetu wakapiga ishara ya msalaba, maana kama kuna wa pili asiyeonekana mlangoni pa kanisa, anajulikana ni nani.

Majirani hawakushangaa sana. Cité yetu, mtaa wa weusi, imejaa watu wa kila upande, na kila ukoo una watani wake. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukuita nyani mbele ya wakwe zako, anaweza kuondoka na kuku wako, na ukifa anakuja kwenye kilio kulala juu ya mkeka wako na kudai tumbaku kabla hajaamka. Majirani walifikiri kwamba Baba, uzeeni, amegundua kuwa yeye ni mtani wa kila mtu. Walimjibu. Barabara yetu ilikuwa na furaha ambayo haijapata kuwa nayo.

Kasoro ilikuwa asubuhi. Akiamka tu, kichwa kilimpasua. Alikwenda nyuma ya nyumba, akatapika, tena bila kichefuchefu, ghafla, kama mtu anayemwaga ndoo. Kisha akarudi ana nafuu, akajipangusa, utani ukaanza. Mguu wa kushoto nao ulianza kuchelewa nyuma ya mwenzake. Mama alijua ni lutuku, ile pombe ya kuchemshwa vichakani. Kila asubuhi alimshika Baba taya na kumnusa mdomo, kwa makini, kama wale watu wa mpakani Sakania wanavyonusa vikapu. Hakupata kitu. Hilo lilimkasirisha zaidi.

"Unaificha wapi?" akamwuliza.

"Mu mafuta ya taa," Baba akajibu. "Usiniwashe."

Muuguzi wa dispensari ya reli alimpa kwinini. Kichwa hakikupona, akampa mafuta ya mbarika, kwa kuwa muuguzi yule anaamini kila ugonjwa una mlango mmoja wa kutokea. Baba alitumia choo kwa bidii wiki nzima na kichwa kikabaki palepale.

Ndipo akafika Bibi, mama yake Mama, kutoka Pweto, na gunia lake la samaki wakavu.

Lazima nieleze. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake, ambaye tunamwita buko, hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Bibi akija kwetu, Baba huwa anatoka kwa mlango wa nyuma na kurudi kama mwizi, na salamu zinapita kwangu, kama posta: "Mwambie mama buko namusalimia." "Mwambie nimesikia." Hata wakiwa wametenganishwa na ukuta mmoja tu.

Siku hiyo Baba alitoka kwa mlango wa mbele. Bibi alijifunika kitenge usoni haraka na kugeukia ukuta. Baba akaketi juu ya gunia la samaki. Akavuta hewa kwa pua.

"Mama buko," akasema, "hii arufu iko ya samaki ao iko yako?"

Mama alipiga magoti chini pale alipokuwa, bila kuchagua mahali, na mahali penyewe palikuwa na maji ya vyombo. Mimi, naapa, sikucheka. Nilijaribu na haikutoka.

Bibi akakaa vile vile anatazama ukuta. Halafu akauambia ukuta:

"Huyu hapana mulevi."

"Mama, ni lutuku," Mama akasema.

"Nimeona balevi mingi kupita weye. Mulevi anatukana polisi, anatukana mompère wa kanisa, anatukana mama yake mwenyewe. Akiona buko, pombe yote inamutoka, anakimbia. Ile haya haifutwake na pombe. Huyu kintu iko mu kichwa yake."

"Kintu gani?"

"Mwiba ya samaki. Haikushuka. Ilipanda."

"Ya samaki zako, Bibi?" nikauliza.

"Zangu natoshaka miba mi mwenyewe. Alikula za bantu bengine." Na kwa ajili ya kuokoa jina la samaki wake, Bibi aliamuru Baba apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali ya weusi ilikuwa na foleni ndefu, nasi tulikuwa na Baba Mudogo. Huyu ni mdogo wake Baba, karani, na wakati ule alikuwa akitafuta ile kadi ya watu wanaoitwa évolué, yaani walioendelea, ambayo serikali inawapa baada ya wazungu kuja nyumbani kuangalia kama una kitanda, kitabu na adabu. Wageni hao hawasemi siku ya kuja, kwa hiyo Baba Mudogo alikuwa anakula kwa uma kila siku, hata bukari, hata dagaa. Kifaransa alikuwa anakivaa kama tai: kilimbana shingo lakini hakukivua. Ndiye aliyeingia na Baba kwa daktari. Mama, Bibi na mimi tulibaki uani.

Walikaa ndani muda mrefu. Baba Mudogo akatoka peke yake, kofia mkononi, jasho mpaka kwenye kola.

"Docta alisema nini?" Mama akauliza.

"Aliangalia yaya, kaka yangu, mu macho na katala kadogo, taa ya mukono. Macho moja, na ingine. Akamupimisha kutembea. Akamuuliza nani njo mufalme wa Belgique, yaya akasema ni weye." Alininyooshea kidole mimi. "Kisha akanigeukia. Akasema: 'C'est une...' Akapumua kidogo, sababu ya huruma. 'Tu meurs.'"

"Njo kusema nini?"

"Njo kusema, unakufa."

Mama akakaa chini. Bibi akauliza kama daktari alisema hivyo hivyo, uso kwa uso, bila hata kumpa kwanza kiti.

"Hivyo hivyo. Tu meurs."

Sasa msomaji mwenye akili atauliza kwa nini hakuna aliyeshuku. Nitajibu. Kifaransa kina maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe": vous kwa mtu wa heshima, na 'tu' kwa mtoto, rafiki na mbwa. Wazungu wa mji huu wanatuambia 'tu' sisi sote, kuanzia mtoto wa mgongoni mpaka babu mwenye medali. Kwa hiyo daktari kumwambia baba mzima wa familia 'tu meurs', kama anavyomwambia mtu 'tu viens', njoo, lilikuwa jambo la kila siku. Angesema vous mourez, hapo tungerudi kuuliza kama amekosea.

Baba Mudogo alikuwa amesikia na maneno mengine: pression, opérer, la tête, vite. Aliyapanga kwa akili yake. Mgonjwa anakufa, ni presio, wanataka kumfungua kichwa, upesi.

"Kumufungua juu ya nini, kama anakufa?" Mama akauliza.

"Bajue kilichomuua."

"Bakingoya afe kwanza, haiwezekani?"

"Alisema vite."

Mama akasimama, akafunga kitenge upya. "Mume yangu hatafunguliwa kama kopo, akiwa angali anasema." Akaingia ndani, akamshika Baba mkono, akatoka naye. Baba aliwapungia wagonjwa wa foleni na kuwaambia wasikate tamaa, chakula cha humo si kibaya, yeye amekula kiti.

Kwa watu wa reli, habari haihitaji telegramu. Mlinzi wa treni anamwambia mlinzi wa treni. Kabla ya wiki kwisha, shangazi na binamu walikuwa wameshuka kutoka Sakania na kutoka kaskazini, wote na mikeka, wote na sufuria, kuja kumlia Baba. Baba aliwapokea kituoni na kuwabebea mizigo. Kuna shangazi aliyelia begani kwake njia nzima akisema, "Kaka yangu ameniacha," na Baba anamfariji, "Pole sana, alikuwa muntu muzuri kweli."

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Kumbukeni hilo.

Wakaja na watani, wenyewe kabisa, wenye haki. Mkubwa wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya filimbi ya depo, alitandika mkeka katikati ya ua, akalala chali kama maiti, akafumba macho: "Nimekufa. Siamuki mupaka mutoe tumbaku." Ndivyo inavyofanywa. Watu walianza kucheka na kulia pamoja, kama desturi. Basi Baba akaja, akamtazama, akalala pembeni yake.

"Sogea, mama. Hii nafasi ilishikwa."

Yule mama akafungua jicho moja. "Marehemu hajibake," akasema.

"Marehemu alilipa kodi ya hii lupango, ni kiwanja yake. Sogea."

Watani walikasirika kweli. Walikwenda pembeni kufanya kikao. Hakuna mtu, walisema, aliyewahi kushindwa utani na mwenye kilio mwenyewe. Ni aibu kwa ukoo. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, mbavu zinauma kwa kucheka, na ndipo nilipoona kwamba Baba, pale kwenye mkeka, anacheka kwa upande mmoja tu wa mdomo. Upande wa pili haukuwa na habari. Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kucheza peke yake. Ukacheza mpaka begani, mpaka shingoni, mpaka mwili wote ukawa unapiga ardhi, na yule mama mnene akawa ndiye wa kwanza kumshika kichwa kisipigwe chini.

Ilipokwisha, alilala akikoroma kwa sauti nzito, mchana kweupe. Alipozinduka nilikuwa nimeinama juu yake, pua kwa pua.

"Nani iko pale?" akauliza.

"Mi, Baba."

"Washa taa."

Jua lilikuwa utosini. Nilikaa naye, na kwa kuwa kichwa changu hakiwezi kukaa kitupu, kikaanza kusema kitu cha mwisho tulichofundishwa shuleni, kitenzi mourir, kufa, ambacho nilikuwa nimechapwa kwa ajili yake wiki ileile. Je meurs. Tu meurs. Il meurt: nakufa, unakufa, anakufa. Je meurs, tu meurs, il meurt.

Nikamwita Baba Mudogo.

"Docta aliposema tu meurs, alikuwa anaangalia nani?"

"Mi."

"Baba alikuwa wapi?"

"Nyuma yake, anavaa viatu. Viatu vya docta."

"Basi Baba alikuwa il, yule mwingine. Kama ni Baba, angesema il meurt. Alisema 'tu'. Alikuwa anakuangalia weye."

Niliona sarufi ikimshuka Baba Mudogo mwilini, kutoka paji la uso hadi magotini.

"Rudia," akasema.

"Je meurs, tu meurs, il meurt."

Akatafuta kiti. Akajishika kichwa, akajishika mshipa wa shingo. "Tangu juzi nasikia kintu huku," akasema taratibu. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya kaka yake, tai imelegezwa. Shangazi wa Sakania alihamisha kilio chake kidogo kidogo upande huo. Watani wakagawanyika makundi mawili, maana wote wawili walikuwa wao. Bibi, kutoka nyuma ya ukuta, alituma niulize kama samaki watatosha kwa wawili.

Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayesikia kwamba ndugu yake anakufa na mtu anayesikia kwamba ni yeye. Wa kwanza analeta mkeka. Wa pili anataka kumwona daktari sasa hivi. Baba Mudogo akaamka, akakaza tai, akadai mkokoteni. Nilimwambia hatwendi bila Baba. Mama alimtazama Baba, ambaye alikuwa akimwuliza mlingoti wa nguo kama umekula, akasema, "Mumubebe." Tukamlaza Baba kwenye mkokoteni, Baba Mudogo akapanda naye.

"Na weye?" nikauliza.

"Mi pia mugonjwa," akasema. "Sukuma."

Niliwasukuma wote wawili, nikipita katikati ya cité, wenye kilio nyuma yetu na watani nyuma ya wenye kilio.

Daktari alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye madoa usoni kama yai la kanga. Alipomwona Baba akapaza sauti kwamba amemngojea siku zote hizo. Baba Mudogo akajiweka mbele.

"Docteur," akasema kwa Kifaransa chake cha Jumapili, "mimi nimebakiwa na muda gani?"

Daktari akamtazama. "Wewe huna kitu."

"Lakini ulimwambia," nikasema. "Ulimwambia tu meurs."

Daktari alirudia maneno hayo kwa sauti. Kisha daktari akachukua chaki, akaandika kwenye kibao cha kitandani, kwa herufi kubwa, neno moja linalosikika vilevile, bila nafasi katikati: TUMEUR. Uvimbe. Kitu kinachoota ndani. Nilijua neno hilo? Sikulijua. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kufa, hatukuwa tumefika kwenye kuvimba. Daktari aliomba radhi, akatoka kwenye ukumbi, tukamsikia huko akikohoa kwa namna isiyo ya kikohozi, akarudi macho yamelowa.

Baba Mudogo alikuwa anakisoma kile kibao. "Nilisikia nafasi," akasema kwa unyonge. "Alipumua."

Daktari akatueleza, na nilimtafsiria Mama, safari hii neno kwa neno. Fuvu ni sanduku la mfupa, halitanuki. Ndani mna wapangaji watatu: ubongo, damu na maji. Wamelijaza. Akija wa nne, lazima wengine wabanwe. Anaweza kuwa damu iliyovuja baada ya pigo la kichwa, anaweza kuwa usaha uliotoka sikio bovu, au maji yenyewe ambayo mfereji wake umeziba, hata mayai ya mnyoo wa nyama ya nguruwe. Kwa Baba, daktari alidhani ni uvimbe. Presio inapanda. Ukilala, damu inachelewa kushuka kutoka kichwani, ndiyo maana asubuhi ni mbaya, na kutapika kunakuja bila kuuliza tumbo. Mshipa wa nyuma ya jicho unavimba: daktari aliuona kwa ile taa yake. Mtu anaona mapadri wawili, kisha haoni hata mmoja.

"Na akiachwa?" Mama akauliza.

Hapo sikuhitaji tafsiri ndefu. Nilimwambia: Mama, ni kama nyumba yetu wiki hii. Shangazi walipoingia, kuku walitoka kwanza. Kisha mtungi. Kisha mimi. Wa mwisho kuja anamsukuma wa kwanza mpaka mlangoni. Fuvu lina mlango mmoja mkubwa, chini, panapoanza shingo, na pale mlangoni ndipo inapokaa pumzi. Ubongo ukisukumwa pale, pumzi inazimika.

Mama alielewa. Alikuwa amelala jikoni siku hizo zote.

"Na yale maneno yake?" akauliza. "Yale ya kwa mama yangu?"

Daktari alijigusa paji la uso. Hapa mbele, alisema, ndipo mtu anapojizuia. Uvimbe ukikaa juu ya mahali hapo, breki inalegea. Wengine wanakuwa wakali, wengine wanakaa kimya kama magogo, na wengine wanakuwa wachekeshaji wasioweza kunyamaza. Padri wetu hupenda kuniambia mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa Baba mambo yalikwenda kinyumenyume: uvimbe ulitangulia, mzaha ukafuata.

Nikauliza swali langu. "Ukiutoa, na utani utatoka?"

"Peut-être," akasema daktari. Labda. Tena aliongeza bila kuficha kwamba Baba anaweza kufia mezani, na kwamba asipopasuliwa hatafika mbali.

Nitasema kweli: nilisimama pale na kwa muda kidogo nikawa sitaki. Nilikuwa nimempata Baba kwa msimu mmoja tu. Nilimtazama. Alikuwa analishukuru koti la daktari, lililotundikwa msumarini, kwa huduma nzuri.

"Afungule," Mama akasema.

Baba alisikia. "Docta," akasema, macho yake yakitafuta mahali pengine kabisa, "ukifungula, ufunike muzuri. Mvula inakuja."

Watani walikataa kuondoka hospitali. Walisema wameitwa kwenye kilio, na mtu hawezi kutoka kwenye kilio bila kujua kama kipo. Walikaa uani siku nzima, hawakutania. Yule mama mnene alishika rozari. Jioni daktari akatoka na aproni imechafuka, akasema uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa pera, juu ya ngozi ya ubongo, wa aina inayosukuma na si aina inayokula, kwa kadiri jicho lilivyoweza kuona. Kipande kidogo alikiacha. Kilikuwa karibu mno na mshipa. Baba anapumua.

Alilala siku kadhaa, kichwa kimefungwa kama kilemba. Alipofungua macho nilikuwa nimekaa kitandani pake. Alinitazama, akanipata, jicho moja likitangulia kidogo.

"Mbona hauko ku masomo?" akasema.

Nilijibu kwa heshima, jambo ambalo nafikiri lilimtisha.

Hakukumbuka kitu. Mama alimweleza yote, taratibu, naye alisikiliza kama anasikiliza habari za ajali ya depo: nani aliumizwa, wapi, nani alikuwa zamu. Kwa Bibi alituma kuku na mjumbe. Kisha, alipoweza kusimama na fimbo, akasema tutazunguka cité kuomba msamaha, nyumba kwa nyumba.

Tatizo ni kwamba kwetu huombi msamaha kwa jumla. Lazima utaje kosa. Na aliyeyajua makosa yote, kwa moyo, kwa sauti zake, nilikuwa mimi. Kwa hiyo kila mlango Baba alisimama, amenyooka, bandeji kichwani, uso kama wa kwenye picha ya ndoa, na mimi nikamtajia mwenye nyumba alichoambiwa. Watu walicheka upya. Wengine waliwaita waliokuwa ndani waje wasikie. Baba alingoja wamalize, akasema, "Munisamehe," akagusa kofia, tukaenda mlango wa pili.

Mwisho wa barabara anakaa mama anayeuza munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi. Kwake sikujua kosa lolote. Baba alitaka tuingie hata hivyo, asije akasahauliwa mtu.

"Mi hakunitukana," yule mama akasema. "Alikuwa anakunywa, anasema juu ya huyu." Alinionyesha kwa kidole cha mguu, mikono ilikuwa ndani ya mtungi. "Alisema: kila kintu mu nyumba yangu najua kutengeneza, ile mutoto hapana. Sasa namuachaka apige kelele sawa mashini, nijue angali anatembea."

Baba akatazama chini. Fimbo yake ikachora kitu kwenye vumbi.

"Samehe, mama," akasema. "Ilikuwa kichwa."

"Unaniomba samahani mi, ao yeye?"

Baba alilifikiria swali hilo kama anavyosoma mshale wa shodieri, bila haraka. Halafu akavuta kigoda kwa mguu wake mzima, akaketi.

"Tupatie munkoyo," akasema. "Bikopo bibili, moja ya huyu."